Mvumo wa Mwamba

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Kampala hana budi kuzoea jambo ambalo mwenzake wa Tanga au Unguja halijui: wanafunzi wake wamekwisha kupata habari za lugha hii kabla ya kuja kwake, na aghalabu wamezipata kwa watu walioisikia mahali pabaya. Sisi tuendeshao madarasa ya jioni mtaani Kansanga, kando ya barabara iendayo Ggaba, twakutana na jambo hilo kila muhula. Wazee wa wanafunzi wetu wakumbuka Kiswahili cha vizuizi vya barabarani na cha mlango kugongwa usiku. Mnamo Agosti 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Katika karatasi, basi, mambo yamesogea. Katika masikio ya watu, lugha iliyojulikana kwa kuamuru bado yatuhumiwa kwamba haijui kazi nyingine.

Kijana mmoja asomeaye ualimu wa fizikia, aliyejiunga nasi kwa kuwa aona dalili kwamba shule za kesho zitamtaka ajue lugha hii, alitutolea tuhuma hiyo waziwazi. "Mwalimu," alisema, "Jjajja wangu huniambia Kiswahili ni lugha ya 'lala chini'. Kuamuru chaweza, sibishi. Je, chaweza kuhesabu?" Tukamwuliza anataka kihesabu nini. "Nyutroni," akajibu, tena si nyutroni za bomu wala za tanuri la atomiki, bali zile chache mno zinazobaki ndani ya maabara za fizikia zilizochimbwa chini kabisa ya milima na migodi, ambako wataalamu hukaa miezi mingi wakihesabu kitu wasichokitaka. Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwani swali lilikuwa la haki, na mwalimu wa lugha akiliepa atakuwa amemthibitishia Jjajja huyo maneno yake. Tuliomba wiki moja tujisomee, kisha tukalijibu kwa jioni tatu. Yafuatayo ndiyo tuliyosema, yakiwa yamepunguzwa marudio na makelele ya bodaboda.

Kila kitu kimefanyizwa kwa atomi, na katikati ya atomi mna kiini. Ndani ya kiini mna chembe za namna mbili zilizokaribiana sana kwa uzito: protoni, yenye chaji ya umeme, na nyutroni, isiyo na chaji yoyote. Protoni ilijulikana mapema zaidi. Nyutroni ilijificha hadi 1932, James Chadwick alipoithibitisha huko Cambridge, Uingereza. Kujificha kwake kulitokana na huko kukosa chaji. Chembe yenye chaji ikipita katika kitu huacha nyayo, maana huzivuta na kuzisukuma elektroni njiani. Nyutroni hupita kimya, kama mtu apitaye sokoni asiyedai wala kudaiwa. Ukuta wa risasi, ambao hukomesha mionzi mingine mingi, hauisumbui sana. Cha ajabu ni kwamba kinachoiweza ni vitu hafifu: maji, nta, plastiki. Sababu yake twaweza kuiona kwa gololi, ambazo watoto wa hapa huziita dduulu. Gololi ikigonga tofali hurudi na karibu kasi yake yote. Ikigonga gololi ya pili yaweza kuiachia kasi hiyo yote, yenyewe ikasimama. Kiini cha risasi ni tofali. Kiini cha hidrojeni, ambacho ni protoni moja tu, ni gololi ya pili. Watafiti wa kilimo huitumia tabia hiyo kupima maji yaliyomo udongoni: wao hushusha ardhini kifaa kitoacho nyutroni, na wakiona nyingi zimepunguzwa mwendo hujua kwamba hapo pana maji.

Je, nyutroni hizi zatoka wapi? Hapa Kansanga, juu ya ardhi, nyingi zatoka angani. Miali ijayo kutoka mbali huko ulimwenguni huipiga hewa iliyo juu yetu na kuvivunja viini vyake, na vipande vikatushukia. Huko New York, karibu na usawa wa bahari, zimepimwa nyutroni zaidi ya mia moja katika kila mita ya mraba kwa kila sekunde. Kampala ina mambo mawili yanayovutana. Tuko kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo hewa inayotukinga ni pungufu. Lakini tuko pia karibu na ikweta, ambako usumaku wa dunia huigeuza njia miali hiyo kuliko kwingineko. Wanafunzi walifurahi kusikia kwamba ikweta ina faida nyingine zaidi ya watalii kupigia picha pale Kayabwe.

Sasa yafaa tueleze kwa nini mtu ahangaike na chembe hizi. Wataalamu wa nyota wamekadiria kwamba karibu sehemu tano kati ya sita za maada ya ulimwengu hazionekani wala hazitoi nuru. Wao huiita maada ya giza. Yadhaniwa kwamba chembe za maada hiyo hutupita mchana na usiku, na kwamba mara moja katika muda mrefu chembe moja huenda ikakigusa kiini cha atomi na kukisukuma kidogo. Basi huwekwa chombo cha kuungojea msukumo huo. Tatizo ni kwamba nyutroni nayo hufanya hivyohivyo: haina chaji, huingia kimya, hukisukuma kiini, hutoka. Mionzi ya gama hushughulika zaidi na elektroni za atomi, na chombo kizuri chaweza kuitambua na kuitenga. Nyutroni ni mwizi aliyevaa sare ya askari. Watu wa Kampala hawahitaji kuelezwa zaidi mfano huo.

Kwa hiyo wawindaji hawa wakaenda chini. Italia wana maabara ya Gran Sasso, iliyochimbwa kando ya handaki la barabara kuu lenye urefu wa kilomita kumi, na juu yake pana mita 1,400 za mwamba. Kanada wana ya Sudbury, zaidi ya kilomita mbili chini, ndani ya mgodi wa nikeli wa Creighton. Japani wana ya Kamioka, Uingereza ya Boulby katika mgodi wa chumvi, China ya Jinping yenye mita 2,400 za mlima juu yake. Mwamba hufanya kazi ya paa. Chembe ziitwazo myuoni, ambazo juu ya ardhi hutupita kwa kadiri ya moja kila dakika katika eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba, huko Gran Sasso hubaki kama moja tu kwa saa katika mita nzima ya mraba. Huko ni kupungua mara milioni moja.

Msomaji angetazamia kwamba nyutroni nazo zitapungua mara milioni. La. Huko Gran Sasso bado hupita kadiri ya moja hadi tatu kwa dakika katika kila mita ya mraba. Ni chache sana zikilinganishwa na zile mia na zaidi kwa sekunde, lakini kupungua kwenyewe ni mara elfu chache tu. Hapo kijana wetu wa fizikia alitutazama kwa jicho la mtahini, nasi tukaendelea. Nyutroni za angani zimekwisha kuzuiwa zote, isipokuwa zile chache mno ambazo myuoni huzitoa katika viini vya mawe. Zinazobaki zinatoka katika paa lenyewe. Mtu ameikimbia mvua akaingia pangoni, akakuta pango nalo lina chemchemi.

Tani moja ya mwamba wa kawaida ina gramu mbili tatu za urani na gramu kama kumi za thori. Urani hupasuka yenyewe mara chache sana na kutoa nyutroni; gramu moja nzima haitoi hata moja kwa dakika kwa njia hiyo. Njia ya pili ni kwamba urani, thori na watoto wao hurusha chembe za alfa, na alfa ikigonga kiini chepesi mwambani, kama cha alumini au cha sodiamu, huenda ikaking'oa nyutroni. Ni viwango vya kudharaulika, lakini milima si ya kudharaulika, na tone kwa tone chumba kikajaa.

Hapo mama mmoja wa darasa letu, mzaliwa wa Likasi katika Katanga, aliinua mkono akasema, "Mwalimu, hiyo urani ni ya kwetu." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Karibu na mji wa kwao uko mgodi wa Shinkolobwe, uliogunduliwa mwaka 1915, ambao kwanza ulichimbwa kwa ajili ya redi na baadaye ukatoa sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya 1945. Mahali pengine duniani jiwe lenye urani hata asilimia moja ni jiwe la kufurahiwa. Pale mengine yalipita asilimia sitini. Mgodi ulifungwa rasmi mwaka 2004. Waliobeba mawe yale walisemezana kwa Kiswahili cha Katanga, nasi tulisimama kidogo hapo. Wengi wetu tumezoea kuhesabu urithi wa Kiswahili kwa mashairi ya Pwani, na ni sawa tufanye hivyo. Walakini wako wasemaji wa Kiswahili walioyashika kwa mikono yao mawe yaliyokuwa yakirusha nyutroni, pasipo mtu wa kuwaeleza, kwa lugha yoyote, ni kitu gani wanashika. Kiswahili walichopewa kazini kilikuwa cha kuamriwa tu. Twaona kwamba swali la kijana wetu lilianzia huko, miaka mingi kabla hajazaliwa.

Tukaja kwenye kupima kwenyewe, ambako ndiko penye utamu. Chombo kilichozoeleka ni mrija wa chuma uliojazwa gesi, na waya mwembamba umepita katikati. Gesi hiyo ni heliamu-3, ndugu adimu wa heliamu ya maputo. Nyutroni iliyopunguzwa mwendo ikikutana na kiini chake, kiini hugawanyika kikawa protoni na kiini cha tritiamu, navyo hurushwa kwa nguvu inayojulikana barabara, elektroni-volti 764,000. Chembe hizo mbili zina chaji, zinaacha nyayo, na waya hutoa pigo dogo la umeme. Hesabu moja. Nyutroni yenye mbio haikamatiki hivi hivi; yataka mrija uzungushiwe nta au plastiki ili ichoke kwanza. Na ukitaka kujua ni ngapi zilizokuja zikiwa zimekwisha kuchoka, hesabu mara mbili: mara moja mrija ukiwa wazi, mara ya pili ukiwa umevikwa bati la kadimiamu, ambalo huzimeza zile zenye mwendo mdogo na kuziacha nyingine zipite. Toa ya pili katika ya kwanza. Heliamu hiyo haipatikani kwa urahisi, kwani nyingi hutokana na kuoza kwa tritiamu iliyohifadhiwa kwa ajili ya silaha za nyuklia. Watu wanaotafuta utulivu mkubwa kuliko wote duniani wananunua gesi yao katika ghala la mabomu.

Ugumu uko katika uchache. Tuseme mrija wahesabu nyutroni 40 kwa siku. Kanuni ya hesabu za bahati yasema kwamba ukihesabu vitu vijavyo ovyo, shaka yako ni kipeuo cha pili cha hesabu uliyopata. Ukipata 100, shaka ni 10, yaani asilimia kumi. Ukitaka shaka ya asilimia moja yakupasa upate 10,000, ambazo kipeuo chake ni 100. Kwa 40 kila siku, hizo ni siku 250. Darasa zima lilikokotoa pamoja nasi ubaoni, kwa Kiswahili, na hakuna aliyekwama ila katika neno kipeuo, ambalo wengi hawakuwa wamelisikia. Katika siku hizo 250 mambo hayatulii. Maji yaliyomo katika saruji ya ukutani hupungua na kuongezeka, na kwa kuwa maji yana hidrojeni, ukuta mbichi huachilia nyutroni chache kuliko ukuta mkavu. Anayepima huko Gran Sasso hana budi kuujua unyevu wa saruji yake kama mkulima anavyoujua wa shamba lake.

Kisha kuna tatizo la mrija kujisemea wenyewe. Chuma chake nacho kilichimbwa ardhini, kina chembechembe zake za urani na thori, zikirusha alfa ndani ya gesi. Na baadhi ya alfa hizo hutoa pigo linalofanana kabisa na la nyutroni. Mwenye kuhesabu hajui kama amesikia mlima au amesikia chombo chake. Jawabu bora tulilolisoma juu ya jambo hili ni la Sudbury, na hilo twataka kulieleza polepole.

Kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini wanafizikia walikuwa na deni na jua. Jua hutoa chembe ziitwazo nyutrino (msomaji asizichanganye na nyutroni, majina yamefanana, tabia mbali kabisa), na Raymond Davis, aliyeanza kuzihesabu miaka ya 1960 ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, Marekani, aliona zinazofika ni kama theluthi tu ya zilizotazamiwa. Ama jua halikueleweka, ama nyutrino zilikuwa zikibadilika njiani zikawa za namna ambayo chombo chake hakikuweza kuiona. Huko Sudbury walijaza tangi kwa tani 1,000 za maji mazito, ambayo hidrojeni yake ina nyutroni moja ya ziada. Nyutrino ya namna yoyote ile ikimpiga hidrojeni huyo yaweza kumvunja, na nyutroni ikatoka huru. Hesabu nyutroni, na umehesabu nyutrino zote za jua, zilizobadilika na zisizobadilika. Lakini nyutroni haina lebo. Iliyotolewa na nyutrino na iliyotolewa na vumbi la urani ndani ya maji ni moja. Kwa ajili hiyo kila mfanyakazi alioga na kubadili nguo kabla ya kuingia, kilomita mbili chini ya ardhi, ili vumbi la mgodi lisimfuate, na maji yalichujwa na kupimwa mara kwa mara. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 na 2002 yalionyesha kwamba jua halikuwa na kosa: nyutrino zote zilikuwapo, ila theluthi mbili zilikuwa zimegeuka njiani. Arthur McDonald wa Sudbury alishirikiana na Takaaki Kajita wa Japani Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2015.

Katika awamu ya mwisho ya kazi hiyo, iliyokoma mwaka 2006, waliteremsha ndani ya maji yale safu 40 za mirija ya nikeli safi mno. Safu 36 zilijazwa heliamu-3. Nne zilijazwa heliamu-4, ile ya kawaida, ambayo haimezi nyutroni hata ikizungukwa nazo. Hizo nne zilikuwa viziwi, na ndivyo zilivyokusudiwa kuwa. Chochote kilichosikika katika safu kiziwi hakikuwa nyutroni. Kilikuwa sauti ya mrija wenyewe. Kwa hizo nne walijua cha kutoa katika zile 36. Kati ya yote tuliyosoma wiki ile, hili ndilo lililotukaa rohoni: kwamba watu walitumia fedha na miaka kushusha kilomita mbili chini ya ardhi vyombo ambavyo sifa yao njema ni kutosikia.

Jioni ya pili ilikwenda karibu yote katika neno moja. Hesabu hiyo ya visivyotakiwa, iliyopo kabla ya kitu kinachotafutwa, iitwe nini kwa Kiswahili? Wengine wamezoea kusema mionzi asilia. Kijana wa fizikia alipinga, akaeleza kwa nini: kinachotoka katika chuma cha mrija au katika rangi ya ukuta kimeletwa na watu, si asilia. Mionzi ya mazingira? Si kweli vilevile, kwani chombo si mazingira yake mwenyewe. Usuli ni neno tunalolipenda kwa mambo mengine, lakini hudokeza asili na chimbuko, na hapa twataka kile kinachoendelea wakati wote. Mwenzetu mzaliwa wa Mombasa ndiye aliyeleta mvumo. Kwao, alisema, bahari huvuma mchana na usiku hata watu hawaisikii tena, mpaka mgeni aulize. Tukaona neno limepata mahali: mvumo wa nyutroni, yaani zile zote ambazo chombo kitazihesabu hata kama kitafutwacho hakipo. Baadhi yetu walionya kwamba mvumo uko karibu mno na uvumi. Tulijibu kwamba karibu huko si hasara, maana mwanafizikia atangazaye ugunduzi pasipo kuupima mvumo wake huwa ametangaza uvumi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990, imetusaidia kwa istilahi nyingi kwa miaka mingi, na hatutaki kuonekana kama watu wanaoipuuza. Lakini istilahi nzuri huzaliwa pia pale ambapo mtu ana haja ya kuitumia jioni hiyohiyo.

Bara letu si geni katika habari hizi. Mwaka 1965, Frederick Reines wa Marekani na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand waliweka vyombo vyao katika mgodi wa dhahabu wa East Rand, karibu na Boksburg, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita tatu chini, nao wakawa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuinasa nyutrino ya kimaumbile, iliyozaliwa angani. Katika mwaka huohuo Wahindi na wenzao walifanya hivyo katika migodi ya Kolar. Zilikuwa siku za ubaguzi. Wachimbaji weusi wa migodi ile walitoka sehemu nyingi za Afrika, na hata wanaume wa kusini mwa Tanganyika waliandikishwa kwenda huko hadi karibu na wakati wa uhuru. Lugha waliyofundishwa ilikuwa Fanakalo, lugha ya kazi iliyochanganya Kizulu, Kiingereza na Kiafrikaans. Ilitosha kabisa kumwambia mtu inua, shusha, sukuma, kimbia. Basi chombo kilichoisikia sauti ya anga kilikaa mahali ambapo lugha ilipunguzwa ikabaki amri. Tulipolisema hili darasani palikuwa kimya, na kijana wetu aliandika jina hilo, Fanakalo, katika daftari lake.

Siku hizi Waafrika Kusini wana mpango wa maabara mpya kando ya handaki la Huguenot, lililofunguliwa mwaka 1988 chini ya milima iliyo karibu na Paarl. Yakusudiwa kuwa maabara ya kwanza ya kudumu ya namna hii katika Afrika. Hawakuanza kwa kuchimba. Wameanza kwa kupima mionzi ya mwamba na gesi ya radoni ndani ya handaki, yaani wameanza na mvumo.

Jioni ya tatu msichana mmoja wa Kasese aliuliza lililokuwa limetungoja: "Mwalimu, na Kilembe je?" Mgodi wa Kilembe, katika vilima vya Rwenzori, ulichimbwa shaba tangu 1956, reli ilipofika Kasese, mpaka uzalishaji ukakoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shaba yake iliyeyushwa Jinja, na mabaki yenye kobalti yakarundikwa Kasese. Kampuni ya Falconbridge ya Kanada, iliyokuwa na hisa kubwa humo, ilikulia katika migodi ya nikeli ya Sudbury, wilaya ileile yenye tangi la maji mazito. Kwa hiyo kati ya Kilembe na Sudbury pamekuwapo njia tangu zamani, ila ilipitisha shaba na fedha. Tulikataa kumwahidi msichana huyo maabara. Ahadi za Kilembe zimekuwa nyingi, na mafuriko ya mto Nyamwamba ya mwaka 2013 yaliwafundisha watu wa huko kutosikiliza ahadi. Tuliandika ubaoni yale ambayo mtu angepaswa kuyafanya kwanza, nao wakayanakili: achukue mawe ya ukutani mahali pengi na kupima kila tani ina gramu ngapi za urani na thori, apime unyevu wa kuta wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, apime radoni hewani, ateremshe mirija ya heliamu, mmoja ukiwa wazi, mmoja ukiwa katika nta, mmoja katika nta na kadimiamu, pembeni aweke mmoja kiziwi, na daftari liwe na kurasa za siku mia mbili na hamsini.